Bei ya Neno: Ubanaji wa Maneno kutoka Simu ya Maandishi hadi Tokeni

Desturi ya kulipia maneno kwa kuyahesabu, ambayo siku hizi inawagusa watunzi wa programu za kompyuta wanaotumia wasaidizi wa akili mnemba, ilistawi katika karne ya 19 pamoja na simu ya maandishi, yaani upelekaji wa ujumbe kwa ishara za umeme zipitazo katika waya. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Waya wa baharini ulioziunganisha Ulaya na Amerika Kaskazini, ulipoanza kufanya kazi kwa kudumu mwaka 1866, ulitoza pauni 20 kwa ujumbe mfupi tu. Na mwaka 1879 waya mwingine uliiunganisha Zanzibar na Aden, na upande wa kusini na Durban, hivyo biashara ya pwani ya Afrika Mashariki nayo ikaingia katika hesabu hiyo ya maneno.

Gharama hizo zilizaa fani ya kutunga vitabu vya msimbo, ambavyo ni kamusi zilizoweka neno moja mahali pa sentensi nzima, ili mpelekaji na mpokeaji, kila mmoja akiwa na nakala yake, waelewane kwa maneno machache. Francis O. J. Smith, mshirika wa Samuel Morse, alichapisha kitabu cha aina hiyo mwaka 1845, mwaka mmoja tu baada ya Morse kupeleka ujumbe wake mashuhuri kutoka Washington hadi Baltimore. Mkutano wa kimataifa wa simu za maandishi uliofanyika London mwaka 1903 uliporuhusu maneno ya kubuni yasiyozidi herufi 10, mradi yatamkike, Ernest Bentley alitoa mwaka 1906 kitabu chenye maneno ya herufi tano tano, ili mawili yaunganishwe na kulipiwa kama moja. Katika ufundi huu maana ilihamishwa bila kupunguzwa, kwa sababu kilichoondolewa katika waya kilikuwa kimekwisha kuwekwa kitabuni.

Hata hivyo, ufupisho huo ulikuwa na hatari yake, kwa kuwa maneno yanayoonekana kuwa ya ziada katika lugha ya kawaida ndiyo yanayomwezesha msomaji kugundua kosa. Mwaka 1887 Frank Primrose, mfanyabiashara wa sufu wa Philadelphia, alimpelekea wakala wake huko Kansas ujumbe wenye neno la msimbo «bay», lililomaanisha kwamba sufu imekwisha kununuliwa, nalo likafika likiwa «buy», yaani nunua, kwa sababu katika alfabeti ya Morse herufi A na U zinatofautiana kwa nukta moja. Wakala alinunua, hasara ikapita dola 20,000, na mwaka 1894 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya simu ya maandishi ilipaswa kurudisha ada ya ujumbe tu, kwa kuwa mpelekaji hakulipia ujumbe urudiwe ili uhakikiwe.

Tokeni za leo zina nasaba na ufundi huo. Tokeni ni kipande cha maandishi, pengine neno zima, pengine silabi au herufi moja, ambacho modeli ya lugha hukisoma kama namba na ambacho ndicho kipimo cha malipo. Njia mashuhuri ya kukata vipande hivyo ilitokana na mbinu ya kubana data aliyoieleza Philip Gage mwaka 1994, inayounganisha jozi za alama zinazojirudia mara nyingi, ambayo Rico Sennrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliitumia katika tafsiri ya mashine katikati ya miaka ya 2010. Kwa kuwa orodha ya vipande huandaliwa kutokana na maandishi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, neno kama «hatukuwaandikia» kwa kawaida hukatwa vipande vingi, hivyo jambo lile lile huelekea kugharimu zaidi likisemwa kwa Kiswahili.

Wasaidizi wa kuandika programu walipoenea baada ya GitHub Copilot kutolewa kwa majaribio mwaka 2021, gharama zilikua kutokana na umbo la mazungumzo yenyewe: modeli haikumbuki swali lililopita, kwa hiyo kila ombi jipya hubeba tena mazungumzo ya nyuma pamoja na mafaili yaliyokwisha kusomwa. Ndipo ilipojengeka desturi ya kufungua mazungumzo mapya kazi inapobadilika, kutaja faili na mistari inayohusika badala ya kukabidhi mradi mzima, kugeuza mazungumzo marefu kuwa muhtasari, na kuweka maelekezo ya kudumu katika faili moja fupi; nazo kampuni kadhaa za modeli, mwaka 2024, zilianza kutoza bei ndogo kwa sehemu ya ombi isiyobadilika ambayo imehifadhiwa tangu ombi lililotangulia.

Faili hilo la maelekezo linafanya kazi ya kitabu cha Bentley, kwa maana linaweka mapatano mapema ili yasielezwe upya kila mara, na hatari iliyompata Primrose nayo ingalipo, kwani anayefuta ufafanuzi wa lazima ili kuokoa tokeni chache hulipa nyingi zaidi kwa kusahihisha kazi iliyokosewa. Mtunzi wa programu anayetaka kupunguza gharama na aanze kwa kupambanua anachokitaka, aondoe kisichohusika, na aliache mahali pake kila neno ambalo likikosekana maana hubadilika.