Liberia: Mzigo uliomsubiri Rais Sirleaf

JANUARI 16, 2006, mjini Monrovia, Bi. Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa kuwa Rais wa Liberia, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuongoza nchi barani Afrika. Katika duru ya pili ya uchaguzi, Novemba 8, 2005, alimshinda mwanasoka mashuhuri, George Weah, kwa asilimia 59.4 ya kura.

Ushindi huo ulimpa dhamana, lakini haukumpa nyenzo. Vita vilivyoanza mwaka 1989 na kumalizika 2003 viliua watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 na kuuacha mji mkuu bila umeme wa umma wala maji ya bomba. Bajeti aliyoirithi ilikuwa takriban dola milioni 80 za Marekani, ilhali deni la nje lilizidi dola bilioni 4.

Hata mamlaka yenyewe hayakuwa kamili. Ulinzi ulitegemea askari wapatao 15,000 wa Umoja wa Mataifa. Kwa mpango uliotiwa saini Septemba 2005, fedha za taasisi nyeti hazikutoka bila saini ya pili ya mtaalamu wa kigeni. Wafadhili waliuona mpango huo kuwa kinga dhidi ya wizi. Wakosoaji wakasema unamega uhuru wa nchi.

Bungeni, chama chake kilikuwa na viti 8 tu kati ya 64 vya Baraza la Wawakilishi. Katika Seneti aliketi Prince Johnson, aliyewahi kuongoza kundi la waasi. Alipoiomba Nigeria imtoe Charles Taylor, aliyekabidhiwa kwa Mahakama Maalumu ya Sierra Leone Machi 2006, Rais alijua kwamba wafuasi wa Taylor bado walikuwa na nguvu nyumbani.

Mafanikio yalionekana. Julai 2006 taa za barabarani ziliwaka tena katika sehemu za Monrovia, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya deni ilifutwa. Hata hivyo, rushwa, aliyoitangaza kuwa adui mkuu, haikung'oka, naye alilaumiwa kwa kuwapa wanawe nyadhifa kubwa.

Januari 22, 2018 alimkabidhi madaraka Weah yule yule aliyemshinda. Tangu mwaka 1944, Liberia haikuwa imeshuhudia rais aliyechaguliwa akimpisha mwingine kwa amani. Huenda huo ndio urithi wake mkubwa kuliko wote.