Duara la Chuma Ndani ya Tutu

Aliyeketi ukumbini huona sahani nyeupe, sketi iitwayo tutu, imetanda kiunoni mwa mcheza baleti, na chini yake miguu yote miwili, kuanzia nyonga hadi ncha ya kiatu. Kinachoishikilia sahani hiyo hakionekani. Katikati ya matabaka 10 au 12 ya neti yenye marinda umepita ukanda mwembamba wa chuma cha springi, uliopindwa duara na kufichwa ndani ya nefa. Bila ukanda huo, neti hulainika kwa jasho na kwa mikono ya mchezaji mwenza, na kingo za sketi huanza kuinama.

Chuma hicho kilikuwa na kazi nyingine kabisa kabla ya kufika jukwaani. Tangu karne ya 15 wanawake wa tabaka la juu huko Hispania walivaa magagulo yaliyotiwa pete za matete. Karne ya 18 mitindo ya Ufaransa ilipanua nyonga kwa fremu zilizofungwa ubavuni, huku na huku, mithili ya matenga. Mwaka 1856 likasajiliwa mjini Paris gagulo la pete za chuma chepesi, ambalo lilizipumzisha nguo nyingi za ndani zilizokuwa zikivaliwa kwa kupandana. Katika zama zote hizo duara lilikuwa ukuta: lilimweka mwanamke mbali na watu na kuifunika miguu yake isionekane hata kidogo.

Baleti ilikwenda njia yake. Marie Taglioni alipopanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1832 katika La Sylphide, alivaa sketi nyeupe yenye umbo la kengele iliyoteremka chini ya magoti. Haikuwa na chuma. Iliinuliwa na wingi wa kitambaa chepesi, kimoja juu ya kingine, na umbo hilo likawa vazi la baleti kwa miaka mingi.

Wepesi huo ulikuwa na gharama, na aliyeilipa kwa uchungu zaidi ni Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni. Majukwaa ya wakati ule yaliwashwa kwa taa za gesi zenye miali iliyo wazi. Kulikuwa na dawa ya kuzuia kitambaa kisishike moto, lakini ilikikausha na kukififisha rangi, na Livry aliikataa. Tarehe 15 Novemba 1862, akiwa mazoezini, sketi yake iligusa mwali. Alikuwa na umri wa miaka 20. Aliishi na majeraha yake kwa miezi minane, akafariki Julai 1863. Mabaki ya vazi lile yamehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Opera, na ni vigumu kuzungumzia ugumu na ulaini wa sketi hizi bila kumkumbuka binti huyo.

Sketi zilifupishwa na ufundi wa miguu. Virginia Zucchi, Mwitaliano aliyefika St. Petersburg mwaka 1885, alisisitiza kuvaa sketi fupi kuliko zilizozoeleka kule. Miaka kumi baadaye Mwitaliano mwenzake Pierina Legnani alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja katika Swan Lake. Mtazamaji aliyetaka kuhesabu mizunguko hiyo alihitaji kuliona goti. Sketi ikapanda, ikafupika, na mwishowe karne ya 20 ikalala sambamba na sakafu. Hapo ndipo duara la chuma lilipopata kazi mpya: lile lililokuwa likificha miguu sasa linaifunua.

Kulitia duara hilo kunahitaji subira. Matabaka hupangwa kwa urefu, fupi kabisa likiwa chini karibu na mapaja na refu likiwa juu. Fundi huchagua tabaka la katikati, akalishonea utepe kuwa nefa, akapitisha chuma na kuziunganisha ncha zake kwa kibano au kijibomba. Kipimo ndicho mtihani wenyewe. Duara likizidi ukubwa, sketi nzima hujipinda mawimbi. Likipungua, neti hujikunja na kingo zikabaki bila egemeo. Baada ya hapo matabaka hushikizwa kwa mishono ya mkono iliyoachwa na nafasi, ili yatembee pamoja bila kugandamana.

Hata hivyo chuma kina kasoro yake. Sketi mbili zenye duara zikigusana, zote hupiga mbizi na kuendelea kutikisika baada ya hatua kwisha. Katika Symphony in C, baleti ya mtunzi George Balanchine, ambayo mwishoni hujaza jukwaa kwa wachezaji zaidi ya 40, jambo hilo halikuvumilika. Barbara Karinska, fundi mzaliwa wa Kharkiv, alilitatua mwaka 1950 kwa kuling'oa duara. Alipunguza matabaka hadi sita au saba, akayakata mafupi na kuyashikiza kwa ulegevu, nayo yakasimama yenyewe, laini kama pamba ya poda. Leo mtindo wake umeenea duniani kote.

Hata hivyo sahani haikutoweka. Baleti za kale za Urusi bado zinaitaka, na mafundi wengi wa mavazi huacha upenyo mdogo kwenye nefa ili chuma kichomolewe kabla ya kufua. Onyesho likiisha, tutu hutundikwa kichwa chini, miguu ya kaptura iliyoshonwa ndani yake ikielekea dari, ili uzito wa neti uyavute matabaka upande wa pili hadi usiku unaofuata.