Aina za maneno ya Kiingereza katika mikataba ya Dubai Airport Freezone

Aina za maneno ni makundi ya msamiati yanayopangwa kwa kazi ambayo neno hufanya katika sentensi. William Bullokar, aliyechapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata kielelezo cha Kilatini, na shule nyingi bado huhesabu aina nane: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi.

Aina hizo huhitajika mahali kama Dubai Airport Freezone, eneo huru la biashara lililoanzishwa mwaka 1996 kando ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Dubai. Lugha rasmi ya Falme za Kiarabu ni Kiarabu, lakini watu wa mataifa mbalimbali wanaofanya biashara huko huelewana zaidi kwa Kiingereza. Mswahili anayeingia humo na Kiingereza cha shule hukwama mara nyingi zaidi kwenye sarufi kuliko kwenye msamiati.

Kiswahili huonyesha aina ya neno kwa viambishi. Kiingereza hutegemea sana nafasi. Katika "The load is heavy" neno "load" ni nomino, yaani mzigo. Katika "Load the truck" ni kitenzi, pakia, na hakuna herufi iliyobadilika. Nomino nazo hupangwa foleni bila kiunganishi chochote, na ile kuu hukaa mwisho. "Warehouse lease agreement" ni mkataba, wa kukodi, wa ghala: husomwa kuanzia nyuma, kama jina la Dubai Airport Freezone lenyewe.

Panapostahili umakini zaidi ni miishio ya nomino za watu. "Employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa; "-ee" hapo inafanya kazi ya "-wa" yetu. Kwa mkataba wa pango, "lessor" ni mpangishaji na "lessee" ni mpangaji, maneno yanayotofautiana kwa herufi mbili tu, ilhali mmoja analipa kodi na mwingine anaipokea. Kwenye hati ya mzigo wa ndege, "consignee" ndiye anayepelekewa mzigo. Kanuni hii ina ukaidi wake: "attendee" ni mhudhuriaji, mtendaji kabisa.

Vihusishi ni vifupi lakini vina gharama. "Renew the licence by Friday" humtaka mtu awe ameshahuisha leseni kufikia Ijumaa, mapema zaidi ni sawa. "The licence is valid until Friday" husema leseni inaendelea kutumika mpaka siku hiyo.

Vitenzi visaidizi navyo hubeba sheria. Katika mkataba, "shall" huweka wajibu na "may" hutoa ruhusa. Ikiongezwa "not", ruhusa hugeuka katazo: "The lessee may not sublet" humkataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine, ingawa "It may not rain" husema tu kwamba huenda mvua isinyeshe.