Kisima cha Liyongo na malka za Garsen

Mapokeo ya pwani yanasema shujaa Fumo Liyongo amezikwa Ozi, karibu na mahali mto Tana unapoingia baharini. Utenzi wake, ulioandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, watu huupendea ule mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake, na Liyongo gerezani akikereza minyororo huku nje ngoma ya gungu ikichezwa. Mimi hunishika zaidi mwisho wake. Mwanawe mwenyewe amemchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anajikokota hadi karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale kwenye uta, anakata roho akiwa vivyo hivyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai. Siku zinapita, hakuna anayethubutu kuteka maji.

Siasa zetu zimejaa tumaini linalomtegemea shujaa mmoja kama huyo. Kila uchaguzi tunamngoja jabari mmoja. Akishindwa au akitugeuka, tunakaa na kiu yetu tukisema nchi haina la kufanywa.

Shaaban Robert alilitafuta tumaini kwa njia nyingine. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mshtakiwa Karama havunji pingu. Anasimama mbele ya mfalme na kusimulia safari za wajumbe sita, waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na habari za nchi zinazoishi vizuri zaidi, na kila mmoja alitiwa gerezani kwa kuzileta. Hapo ndipo ujasiri wa kitabu kile ulipo: kinaonyesha kwamba mtawala dhalimu huogopa zaidi mtu aliyekwisha kuona kuwa mambo yanaweza kuwa vingine. Hata hivyo Kusadikika ni nchi ya hewani. Haina mto unaofurika wala ng'ombe anayenusa maji akiwa mbali.

Garsen, katika delta ya mto Tana, inavyo vyote viwili. Wapokomo hulima mahindi, ndizi na mpunga kandokando ya mto, kwenye tope linaloachwa na mafuriko. Kiangazi kikikaza, Waorma na wafugaji wengine hushusha mifugo deltani kufuata majani na maji. Njia ya kupita katikati ya mashamba mpaka mtoni huitwa malka. Ikilimwa, ng'ombe wanakanyaga mazao. Ng'ombe wakikanyaga mazao, panga linatoka. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Vilifuata vijiji vya Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Waliokufa walipita 100 kabla mwaka haujaisha.

Baada ya mazishi kama hayo, ni nani angethubutu kuzungumzia kesho? Lakini ilizungumzwa. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza delta ipangwe kwa kuwashirikisha wenyeji, katika kesi waliyoifungua wao wenyewe baada ya miaka ya mivutano juu ya mashamba makubwa ya miwa. Mpango wa matumizi ya ardhi ulipotengenezwa, watu waliwekewa picha zaidi ya moja ya delta ya baadaye, wakalinganisha: hapa kilimo kikubwa, hapa hifadhi, hapa mchanganyiko. Wakachagua mchanganyiko. Mashauriano hayakuwa mageni kwao: Wapokomo wana gasa, Waorma wana matadheda. Mabaraza hayo ya wazee yamekuwa yakiamua habari za maji na malisho tangu kabla ya serikali yoyote. Kwangu mimi, mpango huo ndio fasihi ya matumaini iliyokomaa kuliko zote tatu, ingawa haina vina wala mizani. Tumaini lake linataja malka ipi ibaki wazi, linajua shamba linaanzia wapi, na jirani anaweza kulidai barazani.

Lina upungufu wake, na si mdogo. Mafuriko yanayolisha mashamba na malisho hayatoki Garsen. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na mabwawa mengine ya juu huzuia maji kwa ajili ya umeme wa nchi nzima, na yakijaa huyafungulia. Malka iliyochorwa vizuri haina faida ikiwa inakwenda kwenye mto uliokauka, au ikiwa kijiji kimelala chini ya maji. Karama alikuwa na wajumbe sita. Garsen inahitaji wa saba, apande mto mpaka Masinga, akaketi pale yanapoamuliwa maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani.