Dallas ya Embu na historia ya kujifunza kompyuta bila mwalimu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nimerudi na swali nililoulizwa Dallas, na nimeona nilijibu kwa historia. Kwa walio mbali: hii si Dallas ya Texas, ni mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Embu.

Aliyeniuliza ni kijana aliyekuwa akipakia muguka kwenye magari ya kwenda Pwani. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipopiga muguka marufuku, alikaa nyumbani bila kazi. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hiyo mwezi huo huo, lakini alikuwa ameshaona jinsi riziki inavyoweza kukatwa na karatasi moja iliyotiwa sahihi mbali na kwao. Akaanza kujifunza usalama wa mtandao kwa simu yake. "Kaka, wewe una digrii," akaniambia. "Mimi nina cheti cha kidato cha nne tu. Je, nimechelewa?"

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya waliosoma Marekani, zilianza kuuza intaneti Nairobi. Lakini njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, ambalo baadaye likawa Telkom Kenya. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Telkom ililalamika, mdhibiti akaamuru kifungwe, na kikafunguliwa tena 2002. Kabla ya hapo, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili tofauti za hapa Kenya iliweza kupanda angani kwa setilaiti, ifike ng'ambo, ndipo irudi.

Enzi hizo, kujifunza kompyuta mijini kwetu kulimaanisha "pakeji": unamaliza kidato cha nne, unalipa karo kwenye chuo kidogo cha ghorofani, unafundishwa DOS, Windows, Word na Excel, unapewa cheti. Ulijua kuchapa barua. Mashine yenyewe inafanyaje kazi ndani, hilo hukuambiwa. Aliyetaka zaidi alikwenda saiba, akalipa kwa dakika, akanakili kurasa kwenye diski akasome baadaye.

Kisha Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, na hapo ndipo usalama wa mtandao ulipohamia Dallas. Zamani mdukuzi hakuwa na cha kuiba kwa mama mboga. Sasa akiba ya mama iko ndani ya simu, na matapeli wakaanza kupiga: "Nimekutumia pesa kimakosa, naomba unirudishie." Mimi husema kwamba mwanafunzi wa kwanza wa fani hii mtaani ni mwenye kibanda cha M-Pesa. Hakusoma kitabu. Alijifunza kuangalia salio lake kabla ya kuamini ujumbe wowote, na pengine alijifunza baada ya kuliwa pesa mara moja.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na masomo ambayo zamani yasingepakuliwa kwa usiku mzima yakaanza kuonekana kwa simu. Lakini mlango ulifunguka kwa wote. Januari 2012 mdukuzi wa Indonesia aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya, akasema alitumia mbinu alizojifunza mtandaoni. Naye hakusubiri digrii!

Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Nilipofika hapo, yule kijana alinyamaza. Kisha akakiri kwamba alikuwa akijaribu masomo yake kwenye Wi-Fi ya duka la jirani. "Sasa nijifunzie wapi?" akauliza.

Nilikosa jibu la haraka. Chuoni tulikuwa na maabara, mhadhiri, na mtandao tulioruhusiwa kuuvunja. Digrii yangu haikunipa akili kumshinda huyu kijana. Ilinipa ruhusa ya kukosea. Historia yote hii imemletea maarifa mpaka mkononi, lakini mahali halali pa kuyajaribu hajaletewa.

Basi tulifanya hivi. Alitafuta kompyuta ya mitumba, tukaweka Linux, tukaweka VirtualBox, ambayo ni ya bure, tukaunda mashine mbili ndani ya mashine moja. Moja inashambulia, nyingine inajilinda, na zote ni zake. Nikamwambia aanze na mitandao na Linux kabla ya kukimbilia Kali. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na huduma zikayumba, waliohitajika ni watu wa kusoma kumbukumbu za mfumo kwa subira, mstari kwa mstari.

Chuo Kikuu cha Embu kiko karibu tu, na Meru kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Ningefurahi kuona maabara zao zikifunguliwa Jumamosi kwa vijana wa mitaani kama huyu, chini ya msimamizi.

Kuhusu kuchelewa, sijui mwajiri atasema nini akiona cheti cha kidato cha nne, na sikumdanganya. Wiki iliyopita alikosea kuweka kanuni za ukuta wa moto, akajifungia nje ya mashine yake mwenyewe. Ilimchukua jioni mbili kurudi ndani. Alinipigia simu saa tano usiku kunieleza alivyofanya.