Kwa Nini Kingo za Gemu Zina Meno

Kijana mmoja wa kikundi chetu alitaka kuuza simu yake kwa bei ya kutupa. Alisema kioo kimekufa, maana kuta za nyumba ndani ya gemu lake zilikuwa na meno kama msumeno. Nikamwambia afungue gemu lingine kwenye simu ile ile. Kingo zikawa laini. Kumbe kioo hakina kosa. Meno yale yana historia yake.

Chukua daftari la hesabu lenye vimraba. Piga mstari wa mshazari, halafu paka rangi kila mraba ambao katikati yake iko chini ya mstari. Utapata ngazi. Kioo cha simu ndiyo daftari hilo, na vimraba vyake vinaitwa pikseli. Mwaka 1977 Franklin Crow, aliyesomea Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, aliandika makala kuhusu tatizo hili. Kompyuta inaangalia nukta moja tu katika kila pikseli, basi pikseli inakuwa ndani au nje, hakuna nusu. Dawa ni kuipa pikseli ya ukingoni rangi iliyochanganywa kutoka pande zote mbili. Lakini kuchanganya ni kazi, na kazi ina gharama. Kila injini ya gemu imechagua gharama yake.

PlayStation, iliyotoka Japani mwaka 1994, haikulainisha kingo. Tena pembe za maumbo ziliruka kutoka pikseli hadi pikseli, ndiyo maana kuta zake zinatetemeka. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ililainisha, lakini picha ikaonekana ina ukungu.

Mwaka 2000 kadi ya Voodoo5 ya kampuni ya 3dfx ilichora picha mara kadhaa, kila mara ikiisogeza kidogo, kisha ikazichanganya. Kingo zilipendeza, mwendo ukapungua. Mwaka 2001 GeForce 3 ya NVIDIA ikapata njia nafuu: kuangalia nukta kadhaa kwenye ukingo, lakini kupiga hesabu ya rangi mara moja tu.

Halafu zikaja taa. Watengenezaji walitaka taa nyingi kwa pamoja, basi baadhi ya injini zikaanza kuhifadhi kwanza habari za kila pikseli, yaani rangi, umbali na uso umeelekea wapi, na mwanga unahesabiwa baadaye. S.T.A.L.K.E.R., gemu la Ukraine la mwaka 2007, lilifanya hivyo. Sasa kuhifadhi habari zote hizo kwa nukta nyingi katika kila pikseli kunakula kumbukumbu sana. Ile njia nafuu ikawa ghali.

Mwaka 2009 Alexander Reshetov wa Intel akaja na njia ya kungoja picha iishe, kutafuta ngazi zilipo, na kuzipaka rangi ya kati. God of War III ya mwaka 2010 ilitumia njia ya aina hiyo. Unreal Engine 4, ya mwaka 2014, inachukua msaada kutoka picha zilizotangulia. Inalainisha vizuri, ila kitu kinachokimbia kinaweza kuacha kivuli nyuma yake.

Na simu je? Chipu nyingi za simu huchora kioo kipande kwa kipande ndani ya kumbukumbu yao ndogo, kwa hiyo kuangalia nukta nyingi si ghali kama kwenye mashine kubwa. Hata hivyo kunakula chaji, na magemu mengine huacha kulainisha kukiwa kumezimwa. Ndiyo maana simu moja inaonyesha meno hapa na ulaini pale.

Yule kijana aliingia kwenye mipangilio akawasha kulainisha. Meno yakapungua. Baada ya siku mbili akazima mwenyewe, kwa sababu kuchaji simu kwake ni kwa kulipa. Simu hakuiuza.