Kata ya mbege na swali la glasi ngapi

Juni 26 ikifika, majukwaa hujaa takwimu: kilo za heroini zilizonaswa, mashamba ya bangi yaliyofyekwa. Ndivyo tulivyozoea kuadhimisha siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya, iliyoamuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Haitajwi ile karatasi ya maswali anayoishika afisa ustawi wa jamii anapokaa na mtu mzima na kutaka kujua, bila kumvunjia heshima, kama pombe au unga umeshamshinda.

Karatasi hiyo ina zaidi ya karne. Mwaka 1917 Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa taaluma ya ustawi wa jamii Marekani, alichapisha kitabu cha Social Diagnosis, chenye orodha ya mambo ya kuuliza kuhusu mlevi. Mwaka 1971 Melvin Selzer wa Michigan akatoa dodoso la maswali 25. Ni mengi mno kwa mtu aliyekuja kuomba msaada wa ada ya mtoto.

Aliyeipunguza karatasi hadi ikaenea kichwani ni John Ewing, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Kutokana na utafiti wa hospitalini mwaka 1968, alibakiza maswali manne. Umewahi kuona unapaswa kupunguza kunywa? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya pombe? Umewahi kujisikia vibaya kwa sababu ya kunywa kwako? Umewahi kunywa asubuhi, mara tu ulipoamka, ili mwili utulie? Hilo la mwisho kwetu lina jina: kuzimua. Ndiyo mbili zinatosha kuanzisha mazungumzo. Kwa Kiingereza herufi za kwanza za maneno manne ya msingi ziliunda CAGE, yaani tundu. Kwa Kiswahili tundu linavunjika, lakini maswali yanaeleweka hadi kilabuni.

Ewing aliyaeleza mwaka 1984 katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani. Ujanja wake uko kwenye kisichoulizwa: hakuna "glasi ngapi". Watafiti waliofuata walionyesha kwamba ukitanguliza idadi, maswali hayo manne hupoteza makali. Mtu akihisi anahesabiwa, hujikunja kama jongoo.

Wakosoaji nao walikuwa na hoja. "Umewahi" humnasa hata aliyeacha pombe miaka 20 iliyopita, na humkosa mnywaji mkubwa asiyeona aibu yoyote. Ndipo Shirika la Afya Duniani likafanya utafiti katika nchi sita: Australia, Bulgaria, Marekani, Mexico, Norway na Kenya. Likazaliwa AUDIT, dodoso la maswali 10 na alama 0 hadi 40, ambapo 8 ni kengele. Ripoti yake ilitoka mwaka 1993. Afrika Mashariki, kwa hiyo, ilikuwapo jikoni chakula kilipopikwa.

Tatizo ni kwamba AUDIT ilirudisha hesabu. Swali la pili linataka idadi ya vinywaji kwa siku. Nenda Kilimanjaro ukaulize. Mbege, pombe ya ndizi, hunywewa kwa kata, na kata huzunguka: mzee anapiga funda, anampa jirani, inajazwa, inarudi. Magharibi mwa Kenya, wazee wa pombe ya busaa huzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Nani atahesabu glasi hapo? Mwongozo wenyewe wa AUDIT unataka vipimo virekebishwe kufuata vinywaji vya mahali. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, watafiti walitafsiri AUDIT na CAGE kwa Kiswahili na kuzijaribu kwa majeruhi wa kichwa, wakachapisha matokeo mwaka 2018.

Kwa dawa nyingine lilikuja dodoso la ASSIST, lililoanza kuundwa mwaka 1997. Na kwa walioshindwa na heroini, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya tiba yao, mwaka 2011.

Kliniki tunajenga, na ni jambo la kujivunia. Maswali, hata hivyo, bado tunayaazima pamoja na glasi zake, wakati kata iko kwetu na anayeijua ni afisa wa kata hiyo hiyo. Asipopima kata ya kijiji chake inabeba kiasi gani, atajaza fomu kwa mwandiko mzuri, na aliyeketi mbele yake atarudi nyumbani kama alivyokuja.